Chumba Kilichovaa Herio Zangu

Mwezi uliopita nilihamia nyumba mpya, na kabla sijauliza habari za maji wala taka, nilisimama katikati ya chumba cha kulala nikapiga kofi moja kubwa. Msimamizi wa jengo alishtuka, akadhani namfukuza paka. Chumba kilinirudishia kofi langu, tena kwa ukali, nikajua nina kibarua. Kazi yangu ni kusoma kwa sauti: matangazo, vitabu vya shule, maelezo ya dawa. Nasomea chumbani kwangu mbele ya kipaza sauti, na chumba kikiingiza kelele zake, kazi inarudishwa nirudie.

Basi nikatundika mablanketi, nikasimamisha godoro la wageni ukutani, nikabandika zile sponji nyeusi zenye meno. Ikawa afadhali, ila sauti bado ilikuwa na ubati ndani yake. Nilijua vizuri nani wa kumuuliza. Ilinichukua siku nne kumpigia simu, kwa sababu mtu mwenyewe ni binamu yangu, binti wa abti, yaani kaka wa mama, na mimi nimemwonea wivu tangu tuna miaka kumi na miwili. Sasa kaa nikueleze, maana haya sijawahi kumwambia mtu.

Tulikuwa tukikaa Garissa, kwenye ua wa vyumba vya matofali na paa la mabati. Asubuhi iliingia na mlio wa anjera, Mama akiumimina unga kwa mduara juu ya chuma cha moto, na wale korongo wenye vipara wakitembea juu ya mabati kwa hatua za wazee waliovaa viatu vikubwa. Kazi yangu ilikuwa kujaza madumu kabla bomba halijakauka, halafu kufukiza vibuyu vya maziwa. Vyumba viwili vya mwisho alipanga mwalimu wangu, mwanamke wa Kitui, Mkristo, mnene wa kicheko, aliyekuja Garissa na kompyuta imefungwa ndani ya leso mbili. Jumapili alivaa vizuri akaenda kanisani, akirudi ananiletea mandazi, na mimi nampelekea nyirinyiri ya mama, zile nyama za kukaanga zilizohifadhiwa kwenye samli. Tuliishi hivyo.

Mwalimu huyo alinipenda, na usifikiri najisifu. Wageni wakija shuleni, mimi ndiye niliyesimamishwa mbele kusoma shairi. Kwa hiyo redio moja ya mjini ilipotangaza kuwa inatafuta sauti za watoto kwa kipindi cha Jumamosi, hakuangalia kushoto wala kulia. "Tutarekodi hapa hapa kwangu," akasema. "Chumba cha nyuma si kiko tupu?"

Kilikuwa tupu, na hapo ndipo penye shida. Matofali pande nne, saruji chini, mabati juu. Ukisema neno moja, kuta zilikunyang'anya, zikatupiana, likarudi limechakaa. Mwalimu alinifundisha kupiga kofi na kusikiliza mkia wake, yaani sauti inayobaki ikizunguka baada ya kofi. Tukasikia mkia mrefu. Akaja na wazo alilosikia kwa wenzake wa Nairobi, kubandika trei za mayai kwenye kuta zote. Tulizunguka hoteli za mjini siku nyingi tukiomba trei. Gundi hatukuwa nayo, tukapika uji mzito wa unga wa ngano, tukabandika kuanzia chini hadi juu. Chumba kilipendeza sana. Tuliufunga mlango kwa waya, tukaenda shule, na mmoja wetu hakukaza waya vizuri.

Tuliporudi, mbuzi wa mtaa walikuwa wamekula studio. Walikula trei, wakalamba na uji wake, kuzunguka chumba kizima, hadi pale mbuzi akisimama kwa miguu ya nyuma anapofika. Juu ya mstari huo trei zilibaki safi kabisa. Mwalimu alikaa kwenye ndoo akacheka hadi akalia.

Wiki hiyo hiyo ndipo Ayeeyo alipofika, mama yake mama yangu, kutoka upande wa Griftu. Ukame ulikuwa umemwachia ngamia mmoja tu, aliyeachwa kwa jamaa huko. Alikuja na vitu viwili: herio zake, na binamu yangu. Herio ni ile mikeka minene ya kufunikia nyumba ya kuhama. Wanawake huisuka kwa nyuzi za magome na nyasi, upande mmoja laini, upande mwingine una manyoya marefu kama ya kondoo. Nyumba ni mali ya mwanamke kwetu, na bibi harusi huondoka na herio alizosukiwa na mama zake. Mimi ndiye mjukuu wa kike wa kwanza. Tangu najua kusema, Ayeeyo aliniambia, "Hizi ni zako. Siku ya harusi yako nitakufunika nazo." Ziliwekwa chumbani kwetu, na kila Ijumaa nilizitoa juani, nikazipiga vumbi, nikaweka pua yangu pale. Zilinuka moshi, samli na mvua ya zamani. Moja ilikuwa na ukanda wa sufu nyekundu, kazi ya mama yake Ayeeyo. Hiyo niliikunja mwisho kila mara, ili niishike zaidi.

Binamu yangu hakuwa amesoma. Alikuwa mwembamba, mpole, na asubuhi ya pili alipokuwa akikamua mbuzi wetu aliimba, kama walivyozoea kuwaimbia wanyama huko kwao. Mwalimu alitoka chumbani na mswaki mdomoni. Alisimama pale povu likimtiririka. Niliuona uso wake, rafiki yangu, na nikajua papo hapo kwamba nimekwisha.

Hakuniacha, alikuwa mtu mzuri. Alisema mimi nitasoma utangulizi kwa Kiswahili na binamu ataimba. Utangulizi wenyewe ulikuwa sentensi tatu. Zaidi ya hapo nikawa mtu wa kubonyeza kompyuta na wa kuzima feni, kwa kuwa feni ilisikika. Fikiria Garissa, saa nane mchana, mlango umefungwa, feni imezimwa, na unatoka jasho kwa ajili ya sauti ya mtu mwingine.

Zikapita wiki kadhaa, na bado mwangwi ulikuwepo. Ayeeyo aliletewa kiti akasikiliza. Trei zilizobaki juu alizitazama kwa huruma. "Bole sana, mwalimu," alisema kwa Kiswahili chake cha kubahatisha. "Mbuzi ya Garissa nakula hata kitambulisho." Halafu akamwacha binamu aimbe tena, akatikisa kichwa. "Hii nyumba najibu mtu. Nyumba na adabu hajibu."

Akaniangalia. Kwa Kisomali akaniambia, akiniita dada kama tunavyoitana kwetu, "Abaayo, kalete herio."

Nilizibeba mwenyewe. Hakuna aliyenilazimisha kushika misumari, lakini niliishika, nikampa mwalimu mmoja mmoja. Ayeeyo alielekeza kila kitu bila kusomea popote: manyoya yaelekee ndani, mkeka usigandane na ukuta, uachwe upana wa kiganja nyuma yake, na pembe zijazwe, kwa sababu pembeni ndiko sauti nzito hukaa. Ule wenye ukanda mwekundu aliutaka nyuma ya binamu. Tulipomaliza, mwalimu akapiga kofi. Kofi likafa pale pale mkononi. Hapakuwa na mkia. Ulijisikia kama mtu amekusogelea akakufunika masikio kwa viganja vya joto. Binamu akaimba, na hata mimi niliyekuwa nimekunja uso nilisimamisha pumzi.

Jumamosi ile redio iliwekwa dirishani na ua ukajaa watu. Sentensi zangu tatu zilipita majirani wakiwa bado wanatafuta pa kukaa. Ikaja sauti yake. Akina mama walijifuta macho kwa ncha za mitandio. "Ni wa nani huyu?" waliulizana, na mama yangu, mama yangu mimi, akajibu, "Ni wetu." Redio ikaomba nyingine, na baada ya hiyo nyingine tena. Sasa herio hazingeshuka. Nilimuuliza Ayeeyo zitarudi lini, akasema kwa furaha tu, "Zimepata kazi, mwanangu. Zilikuwa zinalala." Mimi nilisikia kwamba zimempata mwenyewe, naye si mimi.

Wivu nauita kwa jina lake. Nilichukia jinsi binamu alivyokula taratibu. Nilichukia kwamba hakuwa na kiburi, maana angekuwa nacho ningepata pa kumshika.

Siku ya kile kitendo watu wa ua walikwenda kumtazama jirani aliyejifungua. Mimi nilikuwa wa mwisho kutoka. Nilifika kwenye mlango wa chumba kile, nikaushika waya, nikaufungua. Sikusahau kuufunga. Niliufungua. Nilijiambia mbuzi watamalizia trei tu, wataharibu chumba kidogo, binamu akose pa kuimbia, herio zirudi kwangu. Nikaenda kumbeba mtoto mchanga na kumsifia pua.

Tulirudi adhana ya alasiri ikiisha. Mbuzi walikuwa wamevuta chini mikeka mitatu, wametafuna manyoya hadi kwenye nyuzi, wamekanyaga na kukojolea. Wa ukanda mwekundu ulikuwa umeliwa nusu, sufu ikining'inia mdomoni mwa beberu mmoja aliyenitazama kana kwamba tuna mkataba. Nililia kuliko wote. Na kwa kuwa kila mtu alijua herio ni zangu, wote walinikumbatia mimi. Mama alinikumbatia. Mwalimu alilia na mimi, akijilaumu. Binamu alivua shanga zake za shingoni, kitu pekee alichokuja nacho kutoka kwao, akanivisha. Ayeeyo peke yake hakunigusa. Aliuchukua waya pale mlangoni, akaukunjua, akautazama.

Kesho yake aliniita. Alikuwa amekaa sakafuni mle chumbani, na nyuzi za magome alizoagiza sokoni, na nyuzi za magunia pale magome yalipokosekana. "Kaa hapa, tusuke," akasema. Nilikaa. Nyuzi zilinikata vidole. Lakini usidhani vidole ndivyo vilivyonishinda. Alikaa karibu mno. Goti lake liligusa langu, alishika mkono wangu kuuelekeza, na kila alipovuta pumzi nilidhani sasa anauliza. Hakuuliza. Siku ya tatu nikasema nina mtihani. Akasema, "Haya, kasome." Mahali pangu akakaa binamu, na akakaa hapo miezi. Mwalimu naye alizoea kuiacha mashine ikirekodi wakisuka, asikie chumba kinavyobadilika kila mkeka unaporudi ukutani.

Mwalimu alipewa uhamisho. Ayeeyo alifariki nikiwa chuoni, na nilifika wakati kaburi limeshafunikwa. Ua wetu sasa ni jengo la maduka, na huwezi kuonyesha mahali chumba kilipokuwa. Nilipoolewa niliondoka na seti ya makochi. Katika ukoo wetu mzima, mtu mmoja tu anajua kusuka herio. Ana studio pale Garissa, ya akina mama wa nyimbo za harusi, na kuta zake zote amezisuka kwa mkono wake.

Nilipompigia hatimaye, alifurahi kupita kiasi, akanielekeza. "Abaayo, sponji peke yake haitoshi. Weka kitu chenye manyoya, uache nafasi nyuma yake. Jaza pembe." Maneno yale yale, kwa utulivu ule ule. Nikamshukuru kwa meno yaliyofungwa. Jioni akanitumia rekodi kwenye simu, na ujumbe mfupi: mwalimu amepata diski yake ya zamani, sikiliza mpaka mwisho.

Nilivaa vipokea sauti vya masikioni. Ni safi ajabu. Unasikia sindano ya mfupa ikipenya nyasi, uzi ukivutwa, kikohozi kidogo cha Ayeeyo. Wanasuka tu, muda mrefu. Halafu binamu yangu, sauti ya mtoto:

"Ayeeyo, nani alifungua mlango siku ile?"

Uzi unavutwa mara mbili, mara tatu.

"Upepo."

"Upepo haufungui waya, Ayeeyo."

"Huo ulifungua. Ni upepo wangu mwenyewe, naupenda, na umeshalia vya kutosha. Usiuulize kitu. Shika hapa, vuta."

"Sawa, Ayeeyo."

Na hakuuliza kitu. Shanga zake ninazo hadi leo, na hakuniuliza kitu. Nimeisikiliza rekodi hiyo mara nyingi, na ningetaka kukuambia kwamba wivu umenitoka. Haujanitoka. Maneno hayo yalikuwa yangu, na mahali pa kuyasikia palikuwa pale sakafuni, goti kwa goti. Hata msamaha wangu alipewa yeye ashike, nami nilikuwa chumba cha pili, na kitabu mbele yangu, nikijifanya nasoma.