Injinia Aliyeuliza Makaburi

Kama hujawahi kumwona wifi yangu Naomi akinunua dagaa, hujaona mtu mgumu. Anafika mwaloni, pale wavuvi wanapotua, wakati wanawake wanazoa dagaa waliokauka, anachota konzi moja, anainusa, kisha anatia wawili mdomoni na kutafuna wakavu hivyo hivyo, macho ameyafumba. Akisikia mchanga kwenye meno, hata chembe, anatema na kuondoka bila kuaga. Dagaa wa kuanikwa mchangani ni wa bei ya chini, yeye hawataki. Anataka wa chanja tu, walioanikwa juu. Wateja wake wa Bunda, wale mama ntilie wa Manyamanyama, siku hizi hawafungui hata gunia. Wakiambiwa ni mzigo wa Naomi, wanapakia.

Mimi naitwa Ursula. Naomi aliolewa na kaka yangu, ambaye maisha yake yote yako kwenye makambi ya uvuvi visiwani, na mara nyingi nyumba zetu mbili tunazishika sisi wanawake. Kwao Naomi ni Nyamuswa, watu wa ng'ombe. Alipoletwa huku rasini aliliogopa ziwa, sisi tukamcheka. Ningejua, nisingecheka.

Mtoto wake wa pili, Gody, alikuwa darasa la saba. Jumapili moja baada ya ibada alishuka kuchota maji. Ndoo zilirudi, zimebebwa na watu wengine. Mamba alimchukua pale pale tunapochota sote, penye mawe ya kufulia. Tulimpata baadaye kwenye matete, na sitasema tulimpata vipi. Tulimzika nyumbani, upande wa chini wa uwanja, karibu na ua wa minyaa, maana wafu wetu tunakaa nao. Kaburi lake likabaki la udongo, na msalaba wa mbao. Watu walipouliza lini atalijengea, Naomi alijibu neno moja tu.

"Siku bomba litakapotoka maji hapa uwanjani. Nitachanganyia saruji maji yale."

Tangu hapo akawa na kazi mbili, dagaa na maji. Kila akienda sokoni Musoma alipitia ofisini kwa watu akiwa bado ananuka samaki, mpaka nadhani walimsaidia ili asirudi tena. Wafadhili wakapatikana. Wakamtuma kijana wao wa Musoma, Florian, mtu mpole mwenye miwani, aje kutueleza namna ya kumpata mhandisi mshauri, yaani yule wa kutupimia, kutuchorea na kusimamia kazi. Kijiji kikaunda kamati, Naomi mwenyekiti, na mzee Magige katibu. Mimi sikuwa mwanakamati. Nilipika chai, kwa hiyo nilisikia yote.

"Kila mhandisi ataleta bahasha mbili," Florian alisema ndani ya ukumbi wa kanisa. "Ya kwanza inaeleza uwezo wake na jinsi atakavyofanya kazi yenu. Ya pili ni bei. Hii ya bei tusiifungue kwanza. Mchagueni aliye bora, halafu ndiyo mkae naye mpatane."

Mzee Magige alicheka mpaka akakohoa. "Sasa wewe kijana, nani ananunuaga kitu bila kuuliza bei?"

Ukumbi mzima ukacheka. Nilimtazama Naomi, nikidhani yeye wa kutafuna dagaa wakavu angemwelewa Florian haraka kuliko wote. Alikuwa anaandika tu.

Wahandisi wawili waliomba. Mmoja alikuwa binti wa Buhare, Dorah. Huyo hakusubiri kuitwa. Alikuja mwenyewe kwa bodaboda, viatu vina matope, kofia ngumu kwapani. Alishuka mpaka ziwani, akapanda, akapita kila uwanja akisalimia. Alipofika kwa Naomi tulimkaribisha vizuri, tukamwekea chai na viazi. Akanywa funda moja. Kisha akageuka, akatazama uwanja, akauliza:

"Mama, watu wenu mmewazika wapi?"

Nilishtuka mpaka chai ikanimwagikia mapajani. Huku kwetu mgeni anayeuliza makaburi ya watu kabla chai haijapoa ana lake jambo. Kuna wanaotafuta mifupa, kuna wanaotumwa na wachawi. Na alimuuliza nani? Mama ambaye mwanawe hata mwaka hakuwa ameumaliza ardhini. Naomi aliweka kikombe chini.

"Umetumwa na nani?" aliuliza.

"Hapana, mama, nauliza kwa sababu ya..."

"Nimekuuliza, umetumwa na nani?"

Hakungoja jibu. Aliinuka, akaokota ile kofia ngumu, akamwekea mikononi. "Njia ni ile uliyojia." Binti aliondoka akiangalia nyuma, mdomo umefunguka kama mtu aliyekatwa neno. Mimi nilimsindikiza kwa macho makali, na jioni hiyo kijiji kizima kilikuwa kimeshapata habari.

Mhandisi wa pili, Pastory, hakufika kabisa. Ilifika bahasha yake kwa basi, kutoka mji wa mbali, na ilikuwa nzuri, sikatai. Ndani mlikuwa na picha ya kijiji chetu iliyopigwa kutoka angani, ya rangi, kila bati linaonekana. Mzee Magige alipoliona paa lake alipiga kelele kama mtoto. Picha ikazungushwa, kila mtu akijitafuta. Katikati ulipita mstari mwekundu, umenyooka kutoka ziwani mpaka kilimani, na kilimani duara la buluu, ndilo tenki.

"Tuwapime kwa ubora kwanza," Florian aliwakumbusha. "Huyu Dorah kwenye bahasha yake ameeleza atakavyozunguka nyumba kwa nyumba. Huyu mwingine hakuna mahali ameandika kwamba atafika hapa hata siku moja. Mama Gody, hilo ni jambo kubwa."

"Afadhali asifike," Naomi alisema. "Ubora gani wa mtu anayeanzia makaburini? Adabu si ubora?"

Nani angembishia? Walipofungua bahasha za bei, ya Pastory haikufika nusu ya ile ya binti. Makofi yalipigwa, mama mmoja akaanzisha pambio. Florian alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Kamati ndiyo yenye neno la mwisho, hivyo ndivyo walivyokuwa wameandikiana.

Kijiko, ile mashine ya kuchimba, kilikuja miezi kadhaa baadaye, kikitokea kwenye kazi nyingine upande wa Butiama. Watoto walikifuata wakiimba. Kilianza ziwani kuchimba mtaro wa bomba, kikapanda kwenye mstari ule ule ulionyooka, na sisi tukifurahi. Siku iliyofuata Naomi alikwenda Musoma na magunia yake, akaniachia nyumba. Nilikuwa namenya mihogo jikoni niliposikia ua wa minyaa unavunjika.

Nilitoka mbio. Mkono wa chuma ulikuwa umepenya ua na kuingia uwanjani. Miguuni mwa kaburi la Gody palikuwa na shimo, udongo wa kaburi unaporomokea mtaroni kidogo kidogo, na msalaba umelala chini humo, kichwa chini. Sikumbuki nilipiga ukelele gani. Dereva, mtu wa Bunda aitwaye Revocatus, alizima mashine, akaruka, akavua kofia.

"Mama, sikuona. Naapa kwa Mungu, ua ulifunika. Nilikuwa nafuata vigingi."

Jeneza halikufikiwa. Namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo. Nilimpigia Naomi simu nikashindwa kupanga maneno.

"Wifi, njoo. Kijiko kiko kwa Gody."

Alikuja na pikipiki, kilemba kimeanguka njiani, miguu haina viatu. Kamati ilikuwa imeshakusanyika na hakuna aliyethubutu kumsogelea. Nilitegemea ataanguka, nikajiandaa kumshika. Hakuanguka. Aliingia mtaroni, akauokota msalaba, akaufuta kwa khanga yake pole pole, hata kwenye pembe zile nyembamba. Halafu akamwendea Revocatus.

"Huo mchoro unaofuata. Nionyeshe mtoto wangu yuko wapi."

Revocatus alikunjua karatasi juu ya kiti cha pikipiki. Aliitazama muda mrefu, ingawa nadhani alikwisha kujua.

"Mama, kwenye mchoro hayupo."

Nimewahi kusikia mambo mabaya maishani, lakini lile lilinipasua moyo. Mtoto yule amesababisha maji haya yaje, halafu kwenye mchoro hayupo! Mzee Magige, kwa kutaka kufanya jambo lolote, akampigia Pastory na kuweka sauti ya juu.

"Picha inaonyesha hapo ni wazi tu," sauti ilisema, tena kwa upole. "Udongo mtupu. Kaburi lililojengewa ningeliona."

"Ulipokuja kupima hukuuliza?" Naomi alisema.

"Kuja wapi, mama? Mimi huko sijawahi kufika. Bei yangu haikuwa na safari. Si mliisoma wenyewe mkaikubali?"

Mzee Magige alibaki ameshika simu mbele yake, mdomo wazi, kama imemng'ata. Kumbe vile vigingi vilipigwa na vibarua wa kukodi walioonyeshwa namba za ramani kwenye simu, wakapita huku nje ya ua na kule juu kilimani, na hapa katikati hawakuingia kabisa. Mtu alikuwa amechora njia katikati ya uwanja wetu bila kukanyaga udongo wetu, na sisi tulimpigia makofi.

Naomi alikaa juu ya kifusi, msalaba mapajani. Alikuwa ananitazama mimi, sijui kwa nini mimi.

"Wifi," alisema, "nimenunua dagaa wa mchanga."

Tulirudisha udongo kwa mikono, wanawake kwa wanaume, na katekista akasali upya. Wengi walitaka mradi ufe. Kesho yake asubuhi Naomi alivaa nguo ya kanisani, akaniambia nimsindikize Buhare. Njiani nilikuwa nawaza binti yule atatufukuza kama tulivyomfukuza, na nilishaandaa majibu, maana mimi sinyamazagi.

Dorah alitufungulia mwenyewe. Alipomwona Naomi alirudi hatua moja nyuma. Halafu akatuwekea viti, akapika chai, akasikiliza habari yote. Ilipofika pale penye kijiko alijifunika uso kwa mikono.

"Kwa nini hukuniambia?" Naomi alimuuliza. "Ungeniambia ni kwa ajili ya bomba."

"Lile lilikuwa swali la kwanza, mama. Yalikuwa yamebaki mengi." Dorah alisogeza kikombe kando. "Watu wa rasini mnazikaga nyumbani. Nisipojua wamelala wapi, nitachora njia juu yao. Nilianza nao kwa sababu nyumba inaweza kuhamishwa, wao hapana."

Ndipo wifi yangu alipolia. Alilia kwenye nyumba ya mtu, chai mbele yake, na mimi majibu yangu yote niliyoandaa yakaniishia.

Safari hii mambo yalikwenda kama Florian alivyotaka tangu mwanzo. Walikaa ukumbini na Dorah, wakazungumza kazi hatua kwa hatua, ndipo wakafika kwenye bei. Mzee Magige alikuwa wa kwanza kusema bahasha mpya ya bei isifunguliwe mpaka kazi ieleweke, kana kwamba fikra hiyo aliizaa yeye. Bei ilipozidi fedha za mradi zilizobaki, Dorah alipendekeza apunguze siku za kutembea kijijini. Naomi alipiga meza mpaka vikombe vikaruka.

"Punguza kingine. Hizo usiguse."

Njia mpya iliyopatikana baadaye inazunguka na kupita kwenye mihogo yangu. Nilikubali, sitasema kwa furaha, lakini nilikubali.

Siku Dorah aliporudi kupima, kijiji kilikuwa kimesimama nje kumtazama, na yeye mwenyewe nilimwona ana wasiwasi. Alifika uwanjani akasalimia, akakaa, akanywa chai yake mpaka tone la mwisho. Hakuuliza kitu. Naomi aliinuka, akamshika mkono, akampeleka upande wa chini, penye minyaa mipya tuliyopanda. Udongo ulikuwa umesawazishwa na msalaba umesimama.

"Huyu ni Gody," alisema. "Anza naye."

Dorah alipiga magoti, akatandika mchoro wake chini, akapima kutoka pembe ya nyumba, akapima kutoka kwenye ua. Kisha akachora msalaba mdogo kwa kalamu, na pembeni yake akaandika jina. Naomi aliinama, akaweka kidole juu yake. Kilikuwa na magamba ya dagaa bado.

"Sasa yupo," alisema.