Miguu ya Nyuma ya Kiboko

Juzi nilipeleka mpunga kukoboa kwenye mashine moja hapa Ifakara, na wakati nasubiri zamu yangu nikaketi juu ya rundo la magunia ya katani. Siku hizi magunia hayo ni adimu, kila mtu anafungia kwenye mifuko ya plastiki, salfeti, lakini mwenye mashine alikuwa ametunza machache tangu enzi za baba yake. Nilipoegemea, vumbi likapanda: harufu ya katani iliyozeeka, pumba, na ule ukali kidogo wa panya ambao hata jua haliuondoi. Nikapiga chafya, na nilipomaliza kupiga chafya nilikuwa na miaka kumi, nimeinama gizani, paji la uso limebanwa kwenye mgongo wa msichana nisiyempenda.

Ngoja niwaeleze nilifikaje humo.

Baridi kwetu huja baada ya mavuno. Si baridi ya kutisha, na mtu wa Makambako akishuka hapa mwezi wa saba anavua koti. Lakini sisi watu wa bonde tumezoea jasho. Tukiona ukungu umeteremka asubuhi kutoka milima ya Udzungwa tunahisi tumeonewa. Watoto tulikwenda shule na masweta yaliyofumuka viwiko, na wazee walivaa makoti yanayonuka sanduku mpaka jua litoke sawasawa. Mpunga ukiwa umeshaingia ndani na barabara zimekauka, huo ndio uliokuwa wakati wetu wa sherehe.

Sherehe zenyewe zilifanyika uwanjani karibu na kanisa. Watu wenye asili ya Mahenge walicheza sangula, wanawake wanazungusha viuno hadi vumbi linawafika magotini. Wasukuma, waliohamia bondeni na ng'ombe wao, walikuja na ngoma yao ya majembe, wakiyarusha juu na kuyadaka huku mama zetu wakifumba macho. Akina mama wa Kindamba walitandaza mikeka. Kulikuwa na kibanda cha vitu vya kale, yaani vinu, mishale na migono, ile mitego ya samaki iliyofumwa kama kikapu kirefu, ambayo sisi watoto hatukuona ukale wake kwa sababu nyumbani bado ilikuwa inatumika. Halafu shule zilishindana kwa maigizo ya historia ya mji wetu. Shule bora ingepelekwa Morogoro. Hakuna kati yetu aliyewahi kufika Morogoro, lakini Fulgensi, mtoto wa fundi baiskeli, alisema huko maji yanaganda yenyewe kwenye vikombe, na tulimwamini.

Mwaka huo mchezo wetu ulitungwa na Mwalimu Desideri, mtu mwembamba aliyependa historia kuliko chakula. Ulihusu kiboko mkorofi aliyekuwa akila mpunga wa mababu zetu, na mwindaji shujaa aliyemfuata mtoni kwa mtumbwi, akamchoma mkuki, ndipo watu wakapata amani wakajenga mji. Fulgensi alipewa uwindaji kwa sababu ya kifua chake. Kiboko alihitaji watu wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma. Mbele aliwekwa Editha kwa kuwa alikuwa na sauti ya kuamsha mtaa. Nyuma niliwekwa mimi.

"Skola ni mtulivu," mwalimu alisema. "Hatalalamika."

Kweli nilikuwa mtulivu. Mama yangu alifariki masika ya mwaka uliotangulia, na tangu siku ile kila aliyekuja nyumbani alinisifu kwa utulivu wangu mpaka nikaona hiyo ndiyo kazi niliyopewa duniani. Baba, aliyekuwa dereva wa trekta, alikaa mwaka mzima akila wali ulioungua. Kisha akamuoa mama mmoja mjane kutoka Kisawasawa, fundi cherehani, aliyekuja na cherehani yake, vyungu vyake, na binti yake wa umri wangu. Binti huyo ndiye Editha. Baba alisema, "Hawa wako sawa kwa umri, watapatana," kama mtu anayefunga ng'ombe wawili kwenye plau moja.

Hatukupatana. Editha alikula upesi, aliimba bafuni, na akilala alichukua kitanda kama mtu aliyekinunua. Mimi nilijibu kwa kunyamaza. Mama yake nilitakiwa kumwita mama, na sikumwita chochote. Nikimhitaji, nilizunguka nyumba nzima mpaka nisimame mbele ya macho yake, ndipo niseme shida yangu. Mara nyingine nilimkuta amejipinda kwenye cherehani hanioni, nikasubiri pale kama mgonjwa anayengoja daktari. Na yeye hakuwahi kunilaumu. Aliinua kichwa tu, akasema, "Ehee, Skola."

Kiboko alishonwa naye. Alichukua magunia ya katani akayaunga kwenye fito za mianzi zilizokunjwa, akayapaka majivu na tope. Taya zilikuwa nyungo mbili zilizofungwa kwa mpira wa baiskeli, na meno yalikuwa mihogo mibichi iliyomenywa. Meno hayo yalitutesa. Kila baada ya mazoezi yalipungua. Mwalimu aliwashuku mbuzi, akawafukuza hadi barabarani, wakati mimi niliyekuwa ndani ya kiboko nilisikia vizuri kabisa Editha anatafuna.

Kabla ya kushona, Mama Editha alitupima. Alinipima mabega, mikono, shingo, kiuno, akaandika kwa chaki ukutani. Kesho yake akasema amekosea, akanipima tena. Nilimwona ni fundi asiyejua kazi. Nilikuwa mtu mzima, na nina mtoto wa kufikia wangu mwenyewe, nilipokumbuka kwamba miguu ya nyuma ya kiboko haihitaji kipimo cha shingo. Lakini alipokuwa na futi yake mkononi nilisimama akanigusa, na bila futi nilikuwa nakwepa.

Siku ya mchezo ilianza na ukungu mzito, watu wakawasili uwanjani kama vivuli vinavyokohoa. Mgeni rasmi alikaa mbele, amevaa koti refu, ana kikombe cha chai ya tangawizi mkononi. Baba alisimama nyuma na madereva wenzake. Wanafunzi wa darasa la tatu walishika khanga za buluu kwa ncha, wakazitikisa, huo ndio mto Kilombero. Fulgensi akapita katikati ya mawimbi ndani ya mtumbwi usio na sakafu, ameuning'iniza mabegani kwa kamba, anatembea kwa miguu yake huku akipiga kafi hewani.

Mimi sikuona lolote kati ya hayo. Niliona giza, na visigino vya Editha. Kazi yangu ilikuwa kushika fundo la kitenge chake kiunoni, kufuata anakokwenda, na kuvuta kamba inayotikisa mkia. Kwa kuwa mkia ndio ulikuwa sanaa yangu yote, niliutikisa kwa moyo, nikasikia watu wanacheka, nikautikisa zaidi.

Mpango ulikuwa hivi. Kiboko anaunguruma, Fulgensi anarusha mkuki wa ufito uliofungwa kitambaa kwenye ncha, mkuki unaangukia ubavuni, kiboko anayumba, anaanguka, anakufa. Kwenye mazoezi Fulgensi aliurusha kistaarabu. Lakini siku ile shangazi zake walikuwa wamekuja wote kutoka Mchombe. Akarudi nyuma, akavuta pumzi, akarusha kama mwindaji kweli, wakati huohuo Editha ameachama kuunguruma. Mkuki ukapita kati ya nyungo mbili, katikati ya mihogo, ukampiga mdomoni.

Ngurumo haikutoka. Kilichotoka ni sauti ndogo, kama ya kifaranga aliyekanyagwa. Nadhani hakuna mwingine aliyeisikia. Mimi sikuisikia kwa masikio, niliisikia kwa paji la uso, mgongo wake uliposhtuka.

"Anguka," Mwalimu Desideri alinong'ona kutoka nyuma ya majani ya migomba. "Kiboko, anguka. Kufa sasa."

Magoti ya Editha yakaanza kukunjika. Alikuwa anakwenda kufa kama tulivyofundishwa, huku analia.

Nikavuta fundo la kitenge kumwinua. "Usianguke," nikamwambia.

"Natoka damu."

"Nani kakupiga?"

"Fulgensi."

"Basi mkimbize."

Kisha nikasikia anavuta kamasi, mgongo ukanyooka, na ngurumo iliyotoka safari hii ilifanya mtoto mmoja wa darasa la tatu aachie mto Kilombero na kukimbilia kwa mama yake.

Yaliyofuata nayasimulia kwa kuambiwa, maana mimi niliona visigino tu, vikienda mbio. Fulgensi mwanzoni alitabasamu, akidhani tumeongeza kionjo. Kisha akaona nyungo zinagongana, na mihogo ina damu. Akageuka kukimbia akiwa bado amevaa mtumbwi. Alipita mawimbini akaangusha nusu ya mto, nasi tukapita nyuma yake tukaondoka na nusu iliyobaki shingoni. Wasukuma, waliokuwa pembeni wakisubiri zamu yao, waliona mambo yamechangamka wakaanza kupiga ngoma, na miguu yangu ikaanza kufuata ngoma badala ya kufuata Editha, ndiyo maana watu wanasema mpaka leo kwamba kiboko yule alikuwa anacheza huku akiua. Tulipenya kibanda cha vitu vya kale. Mguu wangu mmoja ukaingia kwenye mgono, ukakataa kutoka, nikaendelea nao. Mgeni rasmi aliinua miguu yote miwili juu ya kiti, kwa heshima zake zote, na chai ikabaki kwenye koti.

Fulgensi akapanda meza ya waamuzi.

"Mwalimu," alilia kutoka huko juu, "kiboko hataki kufa."

Mzee mmoja mvuvi aliyekaa kwenye mkeka akawaambia wenzake kwamba yeye ameshindwa na viboko maisha yake yote, na leo ndiyo mara ya kwanza anaona wakiigizwa vizuri.

Tulikomea kwenye meza. Editha alisimama ghafla, mimi sikusimama, na mshono wa katikati ukaachia kuanzia mgongoni hadi tumboni. Mwanga ukaniingia. Nikajikuta katikati ya mji mzima, nimeinama, uso mweupe kwa pumba, mkono bado umeshika fundo la kitenge, mguu ndani ya mgono. Mtoto mtulivu wa marehemu. Watu waliponitambua, nikaona wanatafuta nyuso zao za huruma. Lakini mkono wangu mwingine ulikuwa bado unavuta kamba, na mkia ukawa unatikisika peke yake kule nyuma. Wakashindwa kujizuia. Sijawahi kusikia kicheko kama kile.

Mama Editha alikuja anakimbia, khanga mkononi. Akanikamata mimi kwanza kwa sababu nilikuwa karibu, akaanza kunifuta uso kwa nguvu.

"Mama, siyo mimi," nikasema. "Ni Editha. Anatoka damu."

Mdomo ulikuwa umechanika kidogo tu ndani, hata mshono haukuhitajika. Waamuzi waliandika kwamba shule yetu imepotosha historia, na Morogoro ikaenda shule nyingine iliyocheza mchezo wa nidhamu sana kuhusu kilimo. Mwalimu Desideri alituuliza nani aliyeamua kutokufa. Tukasema "Mimi" kwa pamoja, akatutazama, akatuamuru wote tufagie uwanja. Tukiwa njiani kurudi nyumbani, Editha, mdomo umevimba kama muhogo, akaniambia, "Umemwita mama."

"Nani?"

"Wewe. Uwanjani."

"Nilikuwa na haraka," nikamjibu.

Akalifikiria hilo, akalikubali.

Jioni, kabla ya kula, baba alitusimamisha uani. Tulijua tunapigwa. Badala yake akaokota mwiko wa ugali, akaushika kama mkuki, akasema hajaelewa vizuri kiboko alikimbiaje, tumwonyeshe. Editha akasimama mbele, mimi nyuma, bila magunia, nikashika kitenge. Tukamkimbiza. Baba yangu, mtu mzito wa trekta, alizunguka banda la kuku, akaruka karo la kuoshea, akateleza kwenye maji ya vyombo, akaanguka chali, akatandaza mikono.

"Nimekufa," akasema.

Nyumbani kwetu neno hilo lilikuwa halijatamkwa tangu mama azikwe. Tulisema ametutoka, ametangulia, na kuku akifa tulisema hayupo. Mama Editha alisimama mlangoni na sahani, hajui aingie au atoke. Baba mwenyewe alibaki pale chini macho wazi, nami niliona amesikia alichokisema.

Kwa miaka mingi nilipoisimulia siku ile nilijisifu kwamba nilimtetea Editha. Leo sina hakika. Nafikiri ndani ya lile giza hakukuwa na mtu wa kuniona wala wa kunisifu, na mtu aliponiamuru nianguke nilale kimya kwa mara nyingine tena, miguu yangu ilikataa. Editha alikuwa mbele yangu tu, nikamsukuma, akaenda.

Lakini jioni ile sikuwa na fikra hizo. Nilimtazama baba amelala kwenye maji ya vyombo, nikamwendea, nikamkalia tumboni. Editha naye akaja akakaa. Baba akaguna kwa uzito wetu, na Mama Editha akatoka mlangoni, akasema wali unapoa, maiti aoge kwanza.