Mwenyekiti wa Kamati

Kwa miaka sita mwanangu alicheza mpira wa Kimarekani kwa kulipwa, na kwa miaka hiyo yote sikwenda kumwona. Marekani ni mbali, nilisema. Kazi yake ilikuwa kusimama nyuma ya safu ya mbele ya walinzi, kuwasoma wapinzani, kisha kumvaa mwenye mpira na kumwangusha chini. Watu wakiniuliza nilijibu, "Ni beki," nikabadilisha mazungumzo. Nilitaka awe mhandisi, na sikumficha.

Halafu timu yake ikaja kucheza hapa hapa London, Jumapili, saa nane na nusu mchana. Akanitumia tiketi. "Baba, safari hii njoo," alisema kwa Kiingereza chake, ambamo neno la Kiswahili ni hilo "baba" tu. Nikaahidi.

Jumapili hiyo nilikuwa na kikao cha harusi Walthamstow, kaskazini mwa London. Binti wa rafiki yangu alikuwa anaolewa, na mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa kamati. Kikao ni saa tano asubuhi. Nikajiambia saa saba nitakuwa kwenye treni. Miaka arobaini nimekaa na Watanzania wenzangu mji huu, na bado niliamini ile saa tano! Saa sita na nusu tulikuwa watu wanne na birika la chai. Saa nane ndipo wakaanza kubishania sare za kina mama. Zambarau. Hapana, kijani. Zambarau ipi, ya giza au ya mwanga?

Nikasimama. Shangazi wa bibi harusi akanidaka.

"Mwenyekiti, ukitoka wewe kikao kimevunjika!"

"Mwanangu anacheza leo."

"Ule mpira wa kuvaa kofia? Si wanakimbia kidogo, wanasimama kupiga soga? Kunywa chai, mzee wangu, utawakuta hata hawajachafuka."

Wakacheka. Nikacheka nao, nikakaa. Hakuna aliyenifunga kamba. Nilipenda kuitwa mwenyekiti, huo ndio ukweli.

Nilifika uwanjani watu wanatoka. Nikiwa bado getini, simu ikalia.

"Baba, uliniona?"

Ningeweza kusema hapana. Ni neno moja tu.

"Nilikuona, mwanangu. Mpaka mwisho. Uliwaangusha kweli kweli!"

Akanyamaza. Nilisikia mtu karibu naye akichana plasta.

"Baba, nilitolewa robo ya kwanza. Goti."

Lilipasuliwa mara mbili, halikupona vizuri, klabu ikamwacha. Hakucheza tena. Siku hizi hunipigia simu, huniuliza kama nimekunywa dawa za presha na kama London kuna baridi. Kila nikianza kumwomba radhi hunikatiza: "Yameisha, baba." Kisha hunyamaza vile vile alivyonyamaza siku ile, nami nabaki nimeshika simu, nikijikasirikia mwenyewe.