Wimbo wa Mwisho wa Bi Kipaza

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho. Kwingine kote aliitwa Bi Kipaza, kwa sababu ya kile kipaza sauti ambacho hakuna aliyewahi kumpokonya harusini. Alikuwa mjane mwenye binti mmoja. Siku za kazi alipiga pasi kwenye duka la dobi, amesimama. Jumamosi aliongoza sherehe za watu, amesimama vilevile. Miguu yake ingekuwa na mdomo ingeshamshtaki zamani.

Sifa yake kubwa ilikuwa wimbo wa mwisho. Washereheshaji wengine huacha harusi ijifie: wageni wanatoroka mmoja mmoja wakijifanya wanakwenda msalani, na maharusi wanabaki wakicheza mbele ya viti vitupu. Harusi ya Bi Kipaza haikufa hivyo. Alikuwa na kanuni moja aliyoishika kuliko zote: wimbo wa mwisho ukianza, sauti inapandishwa, haishushwi.

"Ukishusha sauti," alimwambia kila mpiga muziki, "watu wanasikia uchovu wao. Wanakumbuka nyumbani. Utabaki unazipigia meza."

Lakini kinyozi hajinyoi. Binti alipofanyiwa sherehe ya kumaliza shule, ilikuwa Jumamosi, na Bi Kipaza alikuwa mbali akichezesha wakwe wa watu. Binti alipovishwa pete ya uchumba, Jumamosi pia, mama alifika watu wanakunja meza. Binti hakununa. Alishazoea, na hilo lilimuuma mama kuliko kununa.

Kwa hiyo binti alipoleta habari ya harusi yake, alikuja na sharti.

"Mama, siku hiyo usishike kipaza."

"Nimwachie nani? Shangazi yako? Yule akianza kusalimia wageni, tutasalimiana mpaka kesho."

"Mama."

"Haya. Nitaongoza, ila wimbo wa mwisho ukifika nampa shangazi yako kipaza, naja kucheza na wewe. Tunaufungua wawili, mimi na wewe. Nikikosa hiyo, usiniite mama tena."

Binti alicheka kidogo tu. Ahadi za Jumamosi alizijua.

Kuanzia hapo usingizi ukamhama Bi Kipaza. Mashati ya watu yakingoja pasi, yeye alitandaza hanga za nguo juu ya meza: hii bibi harusi, hii mimi, tunaanza wawili, kisha kila mmoja anamvuta ndugu, na ndugu anamvuta ndugu, mpaka ukumbi mzima uwe duara moja na asibaki mtu kitini. Mwenye duka alipita akamkuta ameinamia hanga, anasonya.

"Unatafuta nini hapo?"

"Namtafutia nafasi babu wa bwana harusi. Magoti yake mabovu, sijui nimpachike wapi."

Mwenye duka akaondoka bila kuuliza la pili. Akirudi nyumbani, Bi Kipaza alizunguka jikoni akizijaribu hatua, sufuria mkononi, miguu imevimba. Wiki ya harusi ilipofika alikuwa hoi bin taabani. Wifi yake, yule shangazi wa binti, alimsihi alale hata kidogo. Akasema atalala Jumapili.

Sherehe ilikuwa ya mchana, na aliiongoza vizuri, lazima tumpe haki yake. Alikata hotuba ya mjomba bila mjomba kujua kuwa kakatwa. Keki ikaliwa, zawadi zikatolewa. Halafu akampa wifi yake kipaza, akaketi kwenye kiti kando ya spika, akavua viatu. Zilibaki shukrani za upande wa bwana harusi tu. Watoa shukrani walikuwa wengi, na kila mmoja alianza kwa kusema hana mengi ya kusema. Usingizi hauna adabu. Ukamchukua pale pale.

Aliposhtuka, ukumbi ulikuwa umepoa. Utulivu ule aliujua: ndio wa viti vinavyokunjwa. Miaka yote ameukimbia, na leo ameulalia mwenyewe, kwenye harusi ya mwanawe. Hakutaka kuinua kichwa. Alitaka kulia tu.

Kisha akasikia nyayo.

Akafumbua macho. Viatu vilikuwa vimerundikwa ukutani, vya visigino, vya ngozi, hata sandali za babu. Watu walikuwa katikati ya ukumbi, pekupeku, wanacheza polepole, muziki umeshushwa kana kwamba unatoka nyumba ya jirani. Mjomba alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja asiangue kicheko. Na yeye mwenyewe alikuwa amefunikwa koti la bwana harusi.

"Nani kashusha sauti?" akauliza, kwa mazoea.

Binti alikuwa amechuchumaa mbele ya kiti chake, gauni limejaa sakafuni. "Mimi."

"Watu wataondoka!"

"Hebu angalia nani kaondoka."

Akaangalia. Hata babu alikuwepo, kamwegemea mjukuu wake, anayumba.

"Shangazi alitaka kukuamsha, nikamkatalia," binti akasema. "Tangu nizaliwe sijakuona umelala Jumamosi, mama. Tumeurudia wimbo mpaka mpiga muziki kaomba maji."

"Nimekukosa tena, mwanangu."

"Hujanikosa. Hawa wanajinyoosha tu. Wimbo wenyewe hatujaufungua rasmi. Si ulisema mimi na wewe?"

Bi Kipaza akavitafuta viatu kwa vidole vya miguu. Miguu ikakataa kuingia. Akaviacha, akasimama. Mpiga muziki alipomwona amesimama, akapeleka mkono upesi kupandisha sauti, kama alivyofundishwa.

"Acha hivyo hivyo," Bi Kipaza akamwambia.

Akaegemeza kichwa begani kwa mwanawe, na kwa miguu ile ile iliyochoka, akaanza kucheza.