Jiwe la Kufulia la Nguba

Miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji, nikiwa nimeolewa juzijuzi tu, nilikuwa nashuka na mama mukwe kufua nguo ziwani, kule Nguba. Asubuhi moja, baada ya mvua kubomoa ukingo, niliokota mchangani kitu kizito kama jiwe, chenye mistari iliyoinuka juu yake. Mama mukwe alisema ni mzizi wa mti uliogeuka jiwe. Mimi nikasugulia juu yake kola ya shati la baba mukwe. Ikatakata mara moja! Tukafua nguo zote juu yake, kwa zamu.

Ndipo akafika jirani yetu, mama mmoja wa Bunyakiri, binti wa muwindaji. Alikigeuza kile kitu, akapiga makofi.

"Bamama, hii iko jino ya tembo! Gego, ya kutafunia majani. Baba yangu alikuwa analeta kama hii nyumbani."

Mama mukwe, ambaye sikuwahi kumwona akicheka, alicheka mpaka akaketi majini.

Nyumbani baba mukwe alikataa kuvaa shati lililosuguliwa kwenye jino la tembo.

"Vaa tu, papa," mama mukwe akamwambia, bado anacheka. "Haijatakata hivi hata siku moja."

Akalivaa kwenda misa.