Mkono Uliofungua Siku Koboko

Utotoni mwangu pale Awindiri, mtaa wa mji wa Arua, mkono wangu wa kulia ulikuwa maarufu kuliko mimi mwenyewe. Wenye maduka ambao hawakujua hata jina langu waliniita asubuhi nikielekea shule: "Mtoto wa mkono mwepesi, njoo unifungulie siku!" Nami mbio! Nilinunua kiberiti au peremende, mwenye duka akaigusisha ile shilingi kwenye paji la uso, akamtaja Mungu, na biashara ikawa imefunguka. Siku hizi ukimwuliza kijana wa duka mjini Arua nani kamfungulia siku, atakuonyesha ufunguo. Pesa zenyewe zinaingia kwa simu, hakuna mkono wa kuutazama.

Sisi tuliutazama sana. Mteja wa kwanza ndiye aliyeiamua siku nzima. Akiwa na mkono mwepesi, bidhaa zitakwisha kabla ya adhuhuri. Akiwa na mkono mzito, utapiga soga na nzi mpaka magharibi. Tena huwezi kumkataa. Ukimfukuza mteja wa kwanza, ameondoka na siku yako yote.

Sasa fikirini hali ya shangazi yangu Zainabu, aliyeishi Koboko, mji wa jirani karibu na mpaka wa Kongo. Alikuwa amefiwa na waume wawili, na wanawake wa Koboko walianza kunong'ona kwamba ana nuksi. Aliuza vitu vyake vya dhahabu akafungua mkahawa wa chai, maharage na kisra, ile mikate yetu myembamba. Mkahawa ukishindwa, angerudi kupika jikoni kwa kaka yake, na wale wanawake wangesema si tuliwaambia. Kwa hiyo alituma ujumbe Arua kwa mama yake, yaani bibi yangu, Habuba: "Niletee huyo mtoto."

Lo, jinsi nilivyoringa! Tulipanda lori la mizigo, nikakaa mbele karibu na dereva, mkono nimeupakata kama yai. Sikuutumia hata kushika mlango.

Asubuhi ya kufungua, shangazi alifungua mlango anyunyize maji kizingitini. Hapo ndipo Habuba alipoharibu mambo. Aliona mkono wangu haujanukia vya kutosha, akanirudisha chumba cha nyuma kunipaka manukato. Tukiwa kule tukasikia sauti ya mwanamume mlangoni.

"Mama, chai iko?"

Habuba akashika kifua. "Ya Allah! Ni Papa Matayo."

Papa Matayo alikuwa Mkongomani, anasukuma baiskeli yenye madumu ya mawese kutoka Aru, ng'ambo ya mpaka. Mtu mpole. Lakini Koboko nzima ilijua mkono wake ni mzito. Kila asubuhi alisimama upande wa pili wa barabara akisubiri wengine wanunue kwanza. Siku ile, kwa kuwa mkahawa ulikuwa mpya, nadhani alijaribu bahati yake.

Nilichungulia. Shangazi amesimama na birika mkononi, hasogei. Akimuuzia, siku imekufa. Akimkataa, imekufa vilevile.

"Chai iko, Papa," alisema polepole. "Lakini ngoja kidogo."

"Kila siku mutu ananiambia ngoja," alijibu Papa Matayo. Hakuwa na hasira. Noti yake ilikuwa bado imenyooshwa.

Sijui nini kilinisukuma. Nilichomoka mikononi mwa Habuba, nikapita kati ya mabenchi, nikaudaka mkono wa yule mzee pamoja na noti yake, nikaukandamiza kwenye kiganja cha shangazi.

"Tunanunua wawili!" nilipiga kelele. "Mimi na Papa! Chai mbili!"

Shangazi alitutazama, kisha akacheka, mara ya kwanza tangu tufike. Akagusisha noti kwenye paji la uso. "Bismillahi," akasema, akamimina. Papa Matayo alishika kikombe kwa mikono miwili, akakitazama kwanza kinavyotoa moshi.

Na siku ikalipuka! Wakaja madereva, wakaja mafundi cherehani, wakaja wanawake wenye maneno yao wakitaka kuona nuksi kwa macho, wakakaa, wakala. Maharage yakaisha. Kisra ikaisha. Habuba alikimbia kuazima unga huku gurbaba yake, ile nguo ya kujifunga, ikimponyoka kiunoni. Mimi nilikuwa naruka mlangoni nikijua kila sahani ni kazi ya mkono wangu.

Jioni mzee Ramadhani, muuza sabuni wa ng'ambo ya barabara, akaja kuuliza.

"Zainabu, leo nani amekufungulia?"

Nikajisogeza mbele, kidevu juu.

"Papa Matayo," alijibu shangazi.

Basi! Hakunitaja. Nililia kwa hasira, nikakataa chakula, nikamwambia Habuba kwamba shangazi ni mwongo. Habuba alinifuta machozi tu, akasema, "Nyamaza. Yeye iko na sababu yake."

Nimechukua muda mrefu kuielewa sababu hiyo. Shangazi alikuwa na mkahawa uliojaa na jina lililosafishwa kwa siku moja, na angeweza kuiacha sifa yote ibaki nyumbani. Lakini alijua kuitwa nuksi kunavyouma. Nafurahi desturi ile imekufa, ingawa mimi ilinipendelea na bado naikumbuka kwa furaha.

Kesho yake tulipokuwa tukipakia vitu kwenye lori, mzee Ramadhani alifungua duka lake, akaita kwa sauti kubwa: "Papa! Njoo unifungulie siku!"

Papa Matayo, na baiskeli yake, aligeuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa.

Nilicheka sana wakati ule. Sasa nikimkumbuka alivyogeuka, natamani ningemshika mkono tena.