Msafara wa Kumsindikiza Mgonjwa

Mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea mageti. Tangu mwenzake wa karakana apigwe na umeme akafa mbele ya macho yake, usingizi ulimkimbia. Akawa anashinda na ile miwani ya giza ya kuchomelea usoni hata mashine ikiwa imezimwa. Daktari alimpa vidonge, vikamsaidia kidogo tu.

Siku moja alipeleka geti kwenye shamba la mteja, akapotelea msituni nyuma ya shamba. Aliniambia alikaa kando ya kijito, mara akashindwa kujua yeye anaishia wapi na miti inaanzia wapi, na woga wote ukamtoka. Usiku huo alilala fofofo.

Hapo ndipo ukoo ulipoingia. Mama alisema ni mashetani, shemeji akasema ni njaa. Baadaye wakakubali kwamba msitu ni dawa, ila mgonjwa haachwi peke yake. Kila alipotaka kwenda, msafara nyuma: shangazi na kiti chake cha plastiki, binamu na redio, mtu na chupa ya chai. Anarudi macho mekundu, halali. Basi wanaongeza watu! Walinichosha, na nilijichosha mwenyewe zaidi, maana mkuu wa msafara nilikuwa mimi, dada mtu. Nilikuwa naogopa atajiua.

Juzi niliwakatalia wote, nikaenda naye peke yangu. Akakaa kwenye jiwe, akafumba macho. Nikajizuia weee, mwisho mdomo ukanizidi nguvu, nikamuuliza anajisikiaje.

Akashusha pumzi. "Dada, siku ile nilipata nafuu kwa sababu hakuna aliyekuwa ananiangalia. Niache."

"Nikikuacha ukajidhuru, mama nitamwambia nini?"

"Sijui. Lakini mkinichunga hivi, mtanichunga mpaka nife."

Nilikasirika. Nimpikie, nimfulie, nikeshe naye, halafu nifukuzwe kama kuku aliyeingia jikoni? Nikachukua mkoba wangu, nikaondoka bila kuaga.

Nilipofika kwenye uzio wa shamba nikamsikia analia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia hata siku ya mazishi. Miguu ikageuka yenyewe. Nikaikumbatia nguzo ya uzio kwa mikono miwili, nikaing'ang'ania ili nisirudi.